Mwenzako akifungua kozi yako ya mtandaoni, anaangalia nini hasa?

Tasnifu ya mwanafunzi wa Lubumbashi, huku Kongo, haifiki mbele ya jopo la watahini kabla haijapita mikononi mwa mwongozaji na wasomaji. Makala ya profesa haichapishwi katika jarida la maana bila wenzake kuisoma na kuichokonoa. Lakini kozi yake, ambayo labda anaifundisha mwaka wa kumi na mbili sasa, haijawahi kufunguliwa na mwalimu mwingine hata mara moja. Titulaire, yaani mwalimu mwenye kozi, ameifunga kwake, na kuigusa ni kama kuingia chumbani kwa mtu bila hodi.

Zamani jambo hilo halikuumiza sana. Auditoriamu ina nyuso. Profesa akiruka hatua katika fomula, watu wa mstari wa mbele wanakunja uso, CP, kiongozi wa darasa, anainua mkono, "Prof, hapo hatukufuata", na somo linarudiwa papo hapo. Kozi ya mtandaoni haina msaada huo. Maelekezo yakikanganya, mkanganyiko unahamia kwenye kundi la WhatsApp la promosheni (wanafunzi wa mwaka mmoja) saa tano usiku, kwa Kiswahili, na mwenye kozi hayumo katika kundi hilo. Anachokuja kukiona ni TP (kazi za vitendo) thelathini zilizokosewa kwa namna moja, naye anahitimisha kwamba vijana wa siku hizi hawasomi.

Kozi za namna hii zimeongezeka kwa njia mbili. Ya kwanza ni Korona: vyuo vilipofungwa Machi 2020, masomo yalisukumwa mtandaoni kwa haraka, mara nyingi silabasi ileile ya fotokopi ikigeuzwa PDF na kutumwa kwa simu. Ya pili inapiga kelele kidogo lakini ina uzito zaidi, nayo ni mfumo wa LMD, wa ngazi tatu za shahada: licence, master na doctorat. Sheria-mama ya elimu ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 iliuweka, na miaka ya karibuni umeenezwa vyuoni. LMD inahesabu kwa kredi, 60 kwa mwaka na 180 kwa licence nzima, shahada ya kwanza, na kredi haihesabu tu saa ambazo profesa anazungumza. Inahesabu pia kazi ambayo mwanafunzi anaifanya peke yake. Kazi hiyo ndiyo inayohamia kwenye Moodle, jukwaa la kuendeshea kozi mtandaoni, na ndiyo ambayo hakuna mwalimu mwingine anayeiona.

Hapo ndipo linapoingia wazo la mapitio rika: mwalimu kuifungua kozi ya mwalimu mwenzake, kuipitia kwa vigezo vilivyokubaliwa, na kumrudishia maoni. Wazo ni jepesi. Linalolifanya ligombaniwe katika vikao vya idara ni kwamba watu wanalitumia neno moja kwa shughuli tatu tofauti.

Shughuli ya kwanza ni kupitia maudhui: je, sheria ya ardhi inayofundishwa ni ile inayotumika leo, je, takwimu ni sahihi, je, nadharia imeelezwa ilivyo? Hiyo inahitaji mtu wa fani. Ya pili ni kupitia ufundishaji: mwalimu anajibu maswali ndani ya muda gani, anarudisha TP zikiwa na maelezo au zikiwa na "11/20" peke yake, yupo kweli au ameacha faili na kuondoka. Ya tatu ni kupitia muundo, yaani jinsi kozi ilivyopangwa kabla mwanafunzi wa kwanza hajaingia: malengo, maelekezo, nyenzo, kazi, tarehe, njia ya kupima. Muundo unaweza kupitiwa na mwalimu wa fani nyingine kabisa, na kwa maoni yangu huyo ndiye bora. Mtaalamu wa jiolojia akipitia kozi ya jiolojia, akili yake inajaza mapengo yenyewe bila yeye kujua. Mwalimu wa sheria hana cha kujazia. Anakwama palepale mwanafunzi anapokwama.

Vikao vinavunjika kwa sababu mtu mmoja anazungumzia la tatu na mwingine anasikia la kwanza. "Nani atanifundisha biokemia yangu?" Hakuna aliyesema hivyo. Kilichosemwa ni kwamba tarehe ya mtihani imeandikwa mahali patatu na haifanani.

Mfumo unaojulikana zaidi duniani kwa kazi hii, Quality Matters, uliamua mapema kushughulikia muundo peke yake. Ulianza mwaka 2003 huko Maryland, Marekani, kwa ruzuku ya serikali kuu. Chanzo chake kinafaa kukumbukwa na watu wa mashariki na kusini mwa Kongo: vyuo vya muungano wa MarylandOnline vilitaka kugawana kozi, wanafunzi wa chuo hiki wasome kozi ya chuo kile, na kila kimoja kilihitaji sababu ya kuamini ubora wa jirani. Chombo walichokitengeneza ni karatasi ya vigezo. Vigezo vikuu ni 8. Vidogo vilikuwa 42 katika toleo la sita la mwaka 2018, vikafika 44 katika toleo la saba la 2023. Jopo ni la walimu watatu waliofunzwa kazi hiyo, angalau mmoja akiwa wa nje ya chuo na mmoja akiwa anaijua fani.

Alama zake zina mantiki ambayo mtu aliyezoea kukata pointi juu ya 20 anaweza kuikosa. Kila kigezo kidogo kina pointi 3, 2 au 1, lakini mpitiaji hagawi nusu: kigezo kimetimizwa au hakijatimizwa. Vya pointi 3 ni vya lazima vyote. Kozi inahitaji asilimia 85, ila ukikosa kimoja cha lazima, hata ukifika tisini na tano hujavuka. Na kutovuka si mwisho, kwa maana mwenye kozi hupewa nafasi ya kurekebisha na kuangaliwa tena. Asilimia 85 ilichaguliwa kwa makusudi, kudai kozi iwe zaidi ya "inatosha" bila kudai ukamilifu ambao hakuna anayeufikia.

Quality Matters ni huduma ya kulipia. Kwa idara isiyo na bajeti hiyo ipo OSCQR, orodha ya vigezo 50 ya Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, SUNY, iliyotolewa kwa leseni huria. Unaruhusiwa kuitafsiri, kuipunguza na kuibadilisha. Nami ningeipunguza bila huruma. Vigezo hamsini mikononi mwa watu wanaoanza vinageuka kuwa fomu ya kujaza, na fomu ya kujaza hujazwa.

Kati ya vigezo vyote kuna kimoja kinachobeba vingine. John Biggs alikiandikia makala mwaka 1996, na ni rahisi kukisema: lengo, nyenzo, kazi na kipimo viwe vinaelekea upande mmoja. Ukimwahidi mwanafunzi kwamba ataweza kuchambua, usimpe mtihani wa kukariri. Ukimpima kwa kufanya, mpe mahali pa kufanyia mazoezi kwanza. Kila mwalimu anakubali jambo hili kwa kichwa. Kuliona katika kozi yako mwenyewe ndiyo kazi.

Tuchukue kozi ya kubuni, Takwimu ya mwaka wa kwanza, wiki ya tatu. Lengo limeandikwa: "Mwanafunzi ataelewa mtawanyiko wa data." Nyenzo ni PDF moja ya kurasa 140, picha za silabasi zilizopigwa kwa skana, megabaiti 60. Kazi ya wiki iko kwenye jukwaa la majadiliano: "Toeni maoni kuhusu umuhimu wa takwimu." Kipimo ni TP: kokotoa mchepuko wa kawaida wa mapato ya kaya ishirini kwa Excel. Ukurasa wa wiki unasema mwisho ni Jumapili saa sita usiku, kalenda ya Moodle inasema Jumatatu saa mbili asubuhi.

Mpitiaji mzuri hahitaji kujua takwimu ili aone yaliyomo humo. "Ataelewa" ni neno lisilopimika. TP yenyewe inaonyesha kwamba lengo la kweli ni kukokotoa na kufasiri. Mjadala hauna uhusiano na TP. Excel imedaiwa bila kufundishwa, na mwenye simu tu hakuambiwa afanyeje. Katika kurasa 140, ni zipi za wiki hii? Faili la picha haliwezi kutafutwa neno, wala programu inayomsomea mwanafunzi asiyeona haiwezi kulisoma. Na tarehe zinagombana. Kasoro hizi zote zinarekebishika Jumamosi moja, na hakuna hata moja inayomhusu profesa kama msomi.

Maoni sasa. Mpitiaji wa adabu, kama tulivyolelewa, ataandika: "Kozi ni nzuri, ila ipangwe vizuri zaidi." Sentensi hiyo haimsaidii mtu. Ya msaada inataja mahali, inaeleza kilichompata msomaji, kisha inapendekeza: "Wiki ya 3, ukurasa wa kwanza: nilifungua faili lote kabla sijajua kwamba ninahitaji kurasa 41 hadi 52 tu. Ukizikata kurasa hizo ziwe faili lao, mwenye simu atazipata kwa mega chache." Angalia kwamba anayezungumza ni mtu aliyejiweka katika nafasi ya mwanafunzi. Hukumu haipo, lakini kasoro haikufichwa.

Ili aweze kuandika hivyo, lazima aingie kama mwanafunzi kweli. Makosa ya kawaida ni kumpa mpitiaji akaunti ya mwalimu, ambayo inaonyesha hata vilivyofichwa. Atasifu sehemu ambazo darasa haliwezi kuziona. Moodle ina kitufe cha kubadili nafasi uione kozi kama mwanafunzi, lakini hakionyeshi kila kitu. Akaunti ya mwanafunzi wa majaribio, iliyoandikishwa kama wengine, inamwonyesha mpitiaji hata barua pepe zinazotumwa na daftari la alama. Na aingie kwa simu, si kwa kompyuta ya ofisini yenye Wi-Fi ya chuo.

Hili la simu haliko mbele katika karatasi za Wamarekani, lakini Lubumbashi ni la kwanza. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, una zamu zake, na mega zinanunuliwa kwa hela ya chakula. Hesabu ni fupi. Sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula takriban megabaiti 29 kwa saa. Video ya megabiti 1 kwa sekunde, ambayo wala si ya ubora wa kujivunia, inakula megabaiti 450 kwa saa hiyohiyo. Profesa anayerekodi uso wake kwa saa moja, ubao hauonekani, amemtoza mwanafunzi mara kumi na tano ya bei ya sauti bila kumwongezea kitu. Ningekiweka hiki kuwa kigezo cha lazima, cha pointi 3: je, mwenye simu na megabaiti 100 kwa wiki anaweza kumaliza wiki hii?

Kuna ushahidi mwingine ambao vigezo vya kutoka nje haviufahamu, na uko mikononi mwa CP. Mwombe akuletee maswali yaliyoulizwa kundini kuhusu kozi, majina yakiwa yamefutwa. Maswali ya somo yaweke kando. Yaliyobaki, "inarudishwa lini?", "ni kwa mkono au kwa mashine?", "ukurasa gani?", ni ramani ya mahali maelekezo ya Kifaransa yalipovuja. Swali lililoulizwa mara tisa na watu tisa si uvivu wa watu tisa.

Mtu atauliza: kama wanafunzi wanajua yote haya, kwa nini tusiwape fomu ya kumpima mwalimu, tuache kusumbua wenzetu? Fomu zipo katika vyuo vingi duniani, na zinafaa kwa mambo ambayo mwanafunzi ameyaona mwenyewe. Kama kipimo cha ubora wa ufundishaji zina matatizo mazito. Mwaka 2015 MacNell, Driscoll na Hunt walichapisha jaribio zuri la kozi ya mtandaoni: wasaidizi wawili wa kufundisha, mwanamke na mwanamume, kila mmoja akiwa na kundi linalomjua kwa jinsia yake na kundi jingine linaloamini kwamba ni yule mwenzake. Waliodhani wanafundishwa na mwanamume walitoa alama za juu zaidi, bila kujali nani alikuwa anafundisha kweli. Jaribio lilikuwa dogo, wanafunzi 43 tu. Lakini mwaka 2017 Uttl na wenzake walikusanya tafiti nyingi, wakaona kwamba alama ambazo wanafunzi wanampa mwalimu hazina uhusiano na kiasi wanachojifunza.

Mapitio rika nayo si malaika. Walimu wawili wakisoma kozi moja kila mmoja peke yake hutofautiana, wakati mwingine sana, na mwalimu huwa anapenda kozi inayofanana na yake. Ndiyo maana jopo ni la watu zaidi ya mmoja, ndiyo maana kila mmoja anaandika kwanza kabla hawajakutana, na ndiyo maana kila "hakijatimizwa" kinadaiwa mahali na ushahidi wake. Bila hayo ni porojo la kahawa lililowekwa mhuri.

Sasa kigumu chenyewe, ambacho kwetu ni ngazi.

Asistanti gani atamwandikia profesa kwamba malengo yake hayapimiki, wakati huyohuyo profesa ndiye anayeongoza tasnifu yake? Na CT (chef de travaux, ngazi kati ya asistanti na profesa) gani atapokea kwa moyo mweupe maoni ya mtu anayegombea naye nafasi? Heshima yetu kwa mkubwa ni kitu kizuri, sitaki kuibeza. Ila ukiipeleka mapitio bila kuipangia mahali, utapata ripoti za "nzuri sana, Prof" mwaka baada ya mwaka. Waliopo vyuoni wanalijua hili vizuri kuliko mtaalamu yeyote wa ubora, na pengine ndilo linalowafanya wakae kimya likitajwa.

Njia ninayoiona ya kupita hapo ni kutenganisha kabisa kusaidia na kuhukumu. Ripoti ni mali ya mwenye kozi. Mkuu wa idara na dekani wanapata karatasi moja tu: kozi fulani imepitiwa tarehe fulani, mwenye kozi ameandika mabadiliko atakayoyafanya, yamefanywa. Alama haziendi kokote, haziingii kwenye faili la kupandishwa cheo, hazisomwi kwenye baraza la kitivo. Wapo watakaosema huo ni ulaini, kwamba ubora bila meno hauna maana. Mimi nadhani meno yakija mapema watu watakachojifunza ni kuficha. Wawili wapitiane, wa ngazi moja na wa vitivo tofauti: profesa kwa profesa, CT kwa CT. Aliyepitia leo kesho anapitiwa, na hilo peke yake linapunguza ukali na kuongeza umakini.

Kwa kuwa kozi ziko mtandaoni, mwenzako si lazima awe Lubumbashi. Mwalimu wa Bukavu au Goma anaweza kuifungua kozi yako bila kupanda ndege, na hana ugomvi na mtu wa kitivo chako. Wakati ambapo safari kati ya miji hii zimekuwa ngumu, na Bukavu na Goma zimepitia yote ya mwaka 2025, zilipotekwa na waasi wa M23, kubadilishana namna hii kunawafaa wa huko pia. Nchi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wenzetu wa Uganda, Kenya na Tanzania wamezoea siku nyingi mtahini wa nje anayekagua maswali na karatasi za mitihani. Mtahini huyo anaona mlango wa kutokea tu. Anayepitia kozi anaona nyumba nzima, tangu ukurasa wa kukaribisha.

Yako mashaka mawili ya haki. Moja ni wizi: silabasi ni jasho la mtu, kwa wengine ni hata sehemu ya kipato, na si kila anayefunguliwa mlango ana nia njema. Tiba ni makubaliano ya maandishi ya nusu ukurasa, akaunti yenye tarehe ya kufungwa, na mpitiaji kutopakua faili. Hilo si kinga kamili, lakini PDF inayozunguka WhatsApp tayari haina kinga yoyote. Shaka la pili ni muda. Kupitia kozi ya kredi nne kwa makini ni siku nzima ya kazi, na cheo kinapandishwa kwa machapisho, si kwa kumsaidia mwenzako kupanga wiki yake ya tatu. Idara isiyoweza kulipa inaweza angalau kuhesabu: mapitio mawili yakilingana na kusimamia kipindi fulani cha mitihani, watu watayafanya. Yakibaki hisani, yatafanywa na asistanti watatu walewale wasiojua kukataa.

Kwa idara inayotaka kuanza muhula huu, ningeshauri isianze na kozi mbovu. Kumchagua mwenye kozi mbovu ni kumtangaza, na wengine wote watafunga milango. Ianze na mbili au tatu za mwaka wa kwanza ambazo promosheni nzima inazipitia, wenye kozi wakiwa wamejitolea, na mmoja wao awe mkubwa kwa cheo. Karatasi iwe na vigezo kumi, kwa Kifaransa, vilivyochotwa OSCQR na kuongezewa kile cha megabaiti 100. Kabla ya chochote, mwenye kozi amwandikie mpitiaji mistari michache: wanafunzi wangu ni wa aina gani, wanakwama wapi, nataka unisaidie kuangalia nini. Mapitio yafanyike wiki za mwisho za muhula, maswali ya kundini yakiwa bado mabichi na titulaire akiwa na likizo mbele yake ya kurekebisha.